Upepo mkali ukija: nifunge madirisha yote au niache moja wazi? Mama na dada wamenichanganya

#1 Nyar_Mamboleo, Jumatatu 7 Oktoba 2024, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wadau. Dada yangu anaishi Tampa, Florida, mwaka wa tisa huu. Kimbunga Milton leo kimefika daraja la 5, ndilo la mwisho, na kinaelekea kwao. Nimempigia jioni nikamkuta juu ya ngazi anapigilia plaiwudi kwenye madirisha, shemeji amemshikia ngazi. Anafunga kila kitu: madirisha, mlango wa gereji, hata milango ya vyumba vya ndani.

Mama alikuwa anasikiliza kwenye spika. Akadakia: "Mwambie aache dirisha la nyuma wazi! Upepo ukiingia ukakosa pa kutokea, unatoka na paa." Hapa kwetu Mamboleo ndivyo tulivyolelewa. Mawingu yakijaa weusi upande wa Nandi jua likielekea kushuka, mama hufunga mbele kote, akaacha dirisha la jikoni nyuma wazi kiasi cha kiganja. Nyumba ilijengwa 1994 na paa halijawahi kung'oka. La jirani, ambaye hufunga yote, limeng'oka mara mbili.

Dada anasema mama amebaki zamani. Mama hajagusa chakula tangu saa hiyo. Nani yuko sawa? Na mvua za vuli ndizo hizi zinaingia, kwa hiyo nauliza kwa ajili ya Tampa na kwa ajili ya Kisumu.

#2 Mpangaji_Kondele, saa 3:52 usiku

Poleni kwa wasiwasi. Mimi nafunga yote, sijawahi kufikiria. Mwaka jana hurikeni ilipita hapa Kondele ikabeba bati la kibanda cha chapati mpaka ng'ambo ya barabara, na mwenye kibanda alikuwa ameacha wazi mbele na nyuma. Kwa hiyo nadharia ya mama ina shimo.

#3 FundiKofia, saa 4:15 usiku

Nimeezeka nyumba miaka 22, Kakamega, Vihiga, Kisumu mpaka Siaya. Dada #1, tuache dirisha kwanza. Paa haling'olewi na dirisha. Linang'olewa na kiungo.

Ukipanda kwenye nyumba iliyoezuliwa utaona jambo moja karibu kila mara: mabati yamekwenda pamoja na mbao zake. Msumari wa bati haukuachia. Kilichoachia ni kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, pale inapokalia ukuta. Mtu amelaza ubao juu ya tofali la mwisho, akapigilia kenchi kwa misumari miwili ya inchi nne, akaita hiyo ni kazi. Paa limekaa kwa uzito wake tu, kama kofia kichwani. Siku upepo ukiinua, hakuna kinachoshika.

Dawa ni waya nene au utepe wa chuma unaozikwa ndani ya ukuta kozi tatu, yaani safu tatu za tofali, chini, unapanda, unazunguka ule ubao na kenchi, unakazwa kwa koleo. Basi. Gharama yake kwa nyumba ya vyumba vitatu haifiki bei ya mabati mawili. Lakini mwenye nyumba haioni, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Jirani aliyeng'olewa paa mara mbili, mwambie aangalie hapo kabla hajalaumu madirisha.

#4 Kijana_wa_Njoro, saa 4:31 usiku

Nasoma uhandisi, niruhusuni. Fundi yuko sawa kuhusu kiungo, lakini swali la dirisha lina jibu lake.

Upepo unapopanda juu ya paa unaongeza mwendo, na penye mwendo mkubwa msukumo wa hewa hupungua. Ndani ya nyumba hewa imetulia. Kwa hiyo paa linafyonzwa kutoka juu hata kama hakuna upepo hata kidogo ulioingia ndani. Sasa ukifungua dirisha la mbele, lile linalotazama upepo, unaijaza nyumba hewa kama puto: paa linafyonzwa juu na kusukumwa kutoka chini. Hapo ndipo mambo huharibika.

Ukifungua la nyuma pekee, lile lililojificha, kinyume chake hutokea. Hewa ya ndani inavutwa nje, msukumo wa ndani unashuka, na ule mfyonzo wa juu unapata mshindani. Kwa hesabu, mama wa #1 hajakosea.

Tatizo ni neno "nyuma". Nyuma ni wapi? Kimbunga kinazunguka. Kikipita, upepo uliokuja kutoka mashariki saa mbili unakuja kutoka magharibi saa tano. Dirisha la nyuma linakuwa la mbele, na hakuna mtu wa kwenda kulifunga.

#5 Nyar_Mamboleo, saa 4:38 usiku

Nimemsomea mama. Amesema "asante mwanangu" kwa ile aya ya tatu. Aya ya mwisho ameniambia nirudie.

#6 Mwalimu_Mstaafu_Bungoma, Jumanne 8 Oktoba, saa 12:20 asubuhi

Hamjambo. Namsahihisha ndugu wa #2 kwa upole: Kondele haijapitiwa na hurikeni, wala haitapitiwa. Kisumu iko karibu kabisa juu ya Ikweta, takriban sehemu moja ya kumi ya digrii kusini. Vimbunga vya namna ya Milton vinahitaji mzunguko wa dunia uvigeuze vianze kuzunguka, na nguvu hiyo kwenye Ikweta ni sifuri. Kwa kawaida havizaliwi ndani ya digrii tano kila upande. Vinahitaji pia bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, tena bahari pana. Ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba karibu 69,000, ni dogo mno kwa mlo huo.

Hurikeni, taifuni na kimbunga cha Bahari ya Hindi ni kitu kimoja, majina hubadilika kwa bahari. Kile cha Hidaya kilichoitisha pwani ya Tanzania na yetu mwezi Mei mwaka huu ni ndugu wa Milton, ila mdogo. Kilichobeba bati la chapati ni upepo wa dhoruba ya radi. Wingu linapomwaga mvua, hewa baridi hushuka nayo kwa kishindo, ikigonga ardhi hutawanyika pande zote. Dakika kumi, ishirini, imekwisha. Na kile kidogo cha vumbi kinachozunguka uwanjani ni kisulisuli, au pepo za chamchela.

#7 Mpangaji_Kondele, saa 12:41 asubuhi

Nimekubali kusahihishwa mwalimu. Bati bado lilikwenda.

#8 Baharia_Dunga, saa 1:05 asubuhi

Kisulisuli sisi tunaita kalausi. Kikiwa majini kinasimama kama mkonga wa ndovu kutoka winguni, hicho ni nyakoi. Nimekiona mara tatu. Ukikiona hukai kuhesabu madirisha.

Mwalimu amesema hewa inatawanyika pande zote, ni kweli, na hapo ndipo mimi na kijana wa #4 tunapoachana. Upepo wa ziwa wa mchana unatoka majini unakwenda bara, huo una mbele na nyuma. Ule wa mvua unatoka bara. Unaweza kuupata huu kisha ule ndani ya nusu saa, na katikati yake kimya. Kwa hiyo hata hapa Kisumu "nyuma" haina uhakika. Dirisha la mama limebahatika kwa sababu nyumba nyingi za Mamboleo zinalindwa na mwinuko wa Riat upande mmoja.

#9 Jirani_wa_Orlando, saa 2:10 asubuhi

Salamu kutoka huku, kwetu ni saa saba usiku na sijalala. Niko Florida miaka kumi na nne, asili yangu Nyakach.

Kwanza, dada yako anafanya sahihi. Ushauri wa kuacha dirisha la upande wa pili wazi ulikuwepo hata Marekani zamani, wazee wa huku wanaukumbuka. Uliondolewa. Sasa inasemwa funga yote, na ufunge na milango ya vyumba vya ndani, ili dirisha moja likivunjika upepo ubaki chumba kimoja usiinue paa zima. Mlango wa gereji ndio mdomo mkubwa kuliko yote, ukikunjika nyumba inajaa mara moja. Kubandika gundi ya karatasi kwa alama ya X kwenye kioo hakusaidii kitu, mwambie asipoteze muda. Plaiwudi ndiyo, na iwe nene.

FundiKofia, ulichosema #3 ndicho walichojifunza huku baada ya kimbunga Andrew cha 1992. Sheria ya ujenzi ilibadilishwa, kila kenchi inafungwa kwa mkanda wa chuma.

Lakini nyote mnazungumza upepo. Dada #1, anakaa umbali gani na maji? Vimbunga vya huku vimeua watu wengi kwa maji kuliko kwa upepo. Bahari inasukumwa nchi kavu. Plaiwudi haizuii bahari. Je, yuko eneo A, lile linaloambiwa lihame kwanza? Na ameambiwa ahame?

#10 Nyar_Mamboleo, saa 2:26 asubuhi

Mtaa wao uko karibu na ghuba. Nadhani ni A. Hakuniambia habari ya kuhama, aliniambia tu wananunua maji. Alisema wakati wa kimbunga Helene majuzi maji yaliingia kwa majirani wa chini, sofa na magodoro yao bado yako kando ya barabara hayajazolewa.

#11 Jirani_wa_Orlando, saa 2:29 asubuhi

Mpigie sasa hivi. Usingoje asubuhi yake. Kama ni A na majirani waliingiwa na maji ya Helene, nyumba ile si ya kukaliwa Jumatano, iwe na plaiwudi au iwe na ukuta wa chuma. Na yale magodoro ya barabarani upepo utayarusha. Mafuta yanaisha vituoni na barabara ya kaskazini imejaa. Nimekutumia ujumbe wa faragha, wana chumba hapa kwangu. Orlando nako upepo utafika, ila bahari haifiki.

#12 Mlanet, saa 2:47 asubuhi

Amesema kweli. Sisi Nakuru ni watu wa upepo na vumbi, wengi husema hata jina la mji lilitokana na vumbi kwa Kimaasai. Lakini kilichotuua Solai tarehe 9 Mei 2018 kilikuwa maji ya bwawa usiku, watu zaidi ya arubaini, na paa zao zilikuwa imara kabisa. Mwambie dada aondoke.

#13 Msafiri_Ahero, saa 3:15 asubuhi

Na asijaribu kuvuka maji na gari akichelewa. Maji ya sentimita 15 yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima, sentimita 30 yanaelea na gari dogo. Mto Nyando umetufundisha hilo kwa mazishi.

#14 MamaMapacha_Nyalenda, saa 4:00 asubuhi

Namwombea. Wakati tunangoja habari, nirudi kwa sisi ambao hatuna plaiwudi wala kenchi za chuma.

Mimi ni mpangaji, chumba kimoja cha mabati juu na pembeni. Mwenye nyumba hawezi kunisikiliza habari ya waya ndani ya ukuta, ukuta wenyewe hakuna. Miaka mitatu iliyopita bati la kona lilifunguka saa kumi na moja jioni nikiwa na watoto wawili wa miezi minane. Niliona mbingu. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu: nikisikia radi ya kwanza, watoto wanaingia chini ya kitanda cha chuma upande wa ukuta wa choo cha plot, ndio wa mawe peke yake. Vyeti vya kuzaliwa na kitambulisho viko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ndoo yenye kifuniko. Sufuria zote zinaingia ndani, kamba ya nguo nashusha. Simu najaza moto tangu mchana.

Juu nimeweka mawe manne na gurudumu kuukuu. Fundi, nimefanya vizuri?

#15 FundiKofia, saa 4:40 asubuhi

Dada, ulivyofanya chini ni vizuri kuliko vya wengi wenye nyumba za mawe. Vya juu viondoe leo hii. Jiwe halifungi bati, linakaa tu. Bati likiinuka jiwe linaruka, na linaangukia chumba cha mtu, pengine chako. Gurudumu vilevile. Tia mchanga kwenye gunia mawili, yafunge kwa kamba moja, yaning'inize pande mbili za paa kama matandiko ya punda, na kamba ishike mbao za chini. Kona ndiyo inayofyonzwa zaidi kuliko katikati, na kingo za paa pia. Kwenye kona na ukingoni piga msumari kila mgongo wa bati, katikati unaweza kuruka mgongo mmoja. Misumari yenye kofia, si ile laini ya mbao.

#16 Mlanet, saa 5:02 asubuhi

Mnasahau miti. Mtaani kwetu watu walikata migrevilea yote wakisema itaangukia nyumba. Mwaka uliofuata mabati yalianza kuruka ambayo hayajawahi kuruka. Mti unavunja upepo kabla haujafika kwako. Ile 1994 ya mama wa Mamboleo, ningependa kujua kama ana miembe upande wa Nandi.

#17 Kijana_wa_Njoro, saa 5:20 asubuhi

Mti ulio mbali kiasi unasaidia. Ulio karibu kuliko urefu wake unakuangukia. Florida nao hupogoa matawi kabla ya msimu, unaoanza 1 Juni mpaka 30 Novemba.

#18 Mpangaji_Kondele, saa 5:31 asubuhi

Na mchwa je? Nimeona paa likitoka Manyatta, kenchi ndani ni unga mtupu. Fundi hakutaja mchwa. Waya utafunga unga?

#19 FundiKofia, saa 5:44 asubuhi

Mchwa ni kweli, nakubali. Pia mkaratusi mbichi: unapigiliwa ukiwa na maji, unakauka, unasinyaa, msumari unabaki umesimama kwenye tundu kubwa. Na baraza. Watu wanapenda bati moja litoke kwenye kofia, kileleni mwa paa, lishuke mpaka mwisho wa baraza bila kukatika. Upepo unaingia chini ya baraza kama mkono chini ya sinia. Baraza iezekwe peke yake, chini ya paa kubwa, ili ikienda iende yenyewe.

#20 Nyar_Mamboleo, saa 12:10 jioni

Wadau, dada ameondoka! Tulipiga simu mimi na mama, shemeji alikuwa anakataa, anasema ameshapigilia madirisha yote, atakwendaje. Mama akamwambia, "Mwanangu, madirisha utayakuta, na usipoyakuta nitakununulia." Wameingia barabarani. Jirani_wa_Orlando, sina neno. Miembe ipo miwili, Mlanet, lakini upande wa ziwa.

#21 Jirani_wa_Orlando, saa 2:05 usiku

Tunawangoja. Kwa wanaouliza kwenye ujumbe wa faragha tunajiandaaje ndani: maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, ya siku kadhaa. Beseni la kuogea nimelijaza, hayo ni ya kumwaga chooni pampu zikizima. Friza nimeigandisha ijae kabisa, ikijaa na isipofunguliwa inashika baridi karibu siku mbili, friji ya kawaida saa nne tu. Ndani ya friza kuna kikombe cha barafu na sarafu juu yake. Stima ikirudi nikute sarafu imezama, najua barafu iliyeyuka ikaganda tena, nyama ile naitupa.

Jenereta inakaa nje, mbali na madirisha, mita sita au zaidi. Kila mwaka watu hufa huku baada ya kimbunga kupita, wamelala, jenereta iko gereji.

#22 MamaMapacha_Nyalenda, saa 2:30 usiku

Hilo la jenereta kwetu ni jiko la makaa. Mvua ikinyesha watu huingiza jiko ndani, wanafunga mlango, wanalala. Hewa ile ya sumu haina harufu. Hapo ndipo mimi niko upande wa mama wa #1: kama kuna jiko ndani, dirisha liwe wazi, na afadhali jiko litoke kabisa. Mawe nimeshusha. Magunia yamepanda, mchanga nimepata kwa watu wanaojenga.

#23 Mwalimu_Mstaafu_Bungoma, Jumatano 9 Oktoba, saa 1:15 asubuhi

Nimesoma yote tena. Naona nadharia tano na kila moja ina mgonjwa wake aliyepona. Naomba niongeze ya sita. Nyumba zetu nyingi hazifungiki. Juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa kwenye ukuta, na kati ya ukuta na bati kuna mwanya unaopitisha ndege. Dada yake #1 anaweza kufunga nyumba, mama yake hawezi hata akitaka. Kwa hiyo wanajadili nyumba mbili tofauti. Jirani anayefunga yote, je, aliziba na matundu ya nyuma?

#24 Nyar_Mamboleo, saa 1:40 asubuhi

Nimetoka nje kuangalia. Mwalimu, ameziba. Ya nyuma tu, kwa sababu ya popo. Ya mbele yako wazi.

#25 Kijana_wa_Njoro, saa 1:46 asubuhi

Basi hiyo ndiyo puto niliyosema #4.

#26 FundiKofia, saa 1:58 asubuhi

Au hana waya. Hujapanda darini kwake.

#27 Jirani_wa_Orlando, Alhamisi 10 Oktoba, saa 11:50 jioni

Tuko salama, wote sita. Kimbunga kilitua jana saa mbili na nusu usiku yetu, huko kwenu saa tisa na nusu usiku, karibu na Sarasota, kusini ya Tampa. Kilikuwa kimeshuka hadi daraja la 3. Hapa Orlando tulisikia upepo ukigeuka kama alivyosema kijana wa Njoro, kwanza ulipiga jikoni, kabla ya alfajiri ukapiga sebuleni. Shemeji wa #1 hakulala, alikuwa anashika mlango kwa bega.

Ajabu ni kwamba Tampa maji hayakuja, yalirudi nyuma. Kwa kuwa kilitua kusini yao, upepo ulisukuma maji ya ghuba kwenda baharini, kama ilivyokuwa Irma 2017 na Ian 2022. Waliokaa kusini ndio walioingiwa na bahari. Lakini St. Petersburg imepata mvua zaidi ya milimita 450, na paa la uwanja wao wa besiboli limechanika lote, mbavu zimebaki. Watu walikuwa wamepanga vitanda mle kwa ajili ya vikosi vya msaada. Na mashariki kabisa ya jimbo, mbali na bahari iliyoogopwa, visulisuli vikubwa vya dhoruba (tornado), si vile vya vumbi, viliua watu hata kabla kimbunga hakijatua.

#28 Mpangaji_Kondele, saa 12:04 jioni

Mungu asifiwe. Sasa shemeji atasema angebaki.

#29 Jirani_wa_Orlando, saa 12:09 jioni

Ameshasema asubuhi. Dada akamwonyesha ramani: kimbunga kingetua kilomita chache kaskazini zaidi, ghuba yote ingeingia mtaani kwao. Akanyamaza akachukua ufagio kunisaidia kufagia matawi.

#30 Mlanet, saa 12:20 jioni

Uwanja ule paa lake lilikuwa la nini?

#31 Kijana_wa_Njoro, saa 12:33 jioni

Kitambaa cha nyuzi za kioo, si bati. Msilitumie kwenye ubishi wetu, haliingii upande wowote.

#32 Baharia_Dunga, saa 12:50 jioni

Maji kurudi nyuma hatushangai Dunga. Upepo wa bara ukikaza unakuta mtumbwi umelala kwenye tope. Ukiona hivyo hushuki kuokota samaki, kwa maana yatarudi.

#33 Nyar_Mamboleo, Jumamosi 12 Oktoba, saa 4:25 asubuhi

Asanteni nyote. Dada na shemeji wamerudi kwao jana. Uzio umelala, hakuna stima, plaiwudi zote ziko mahali pake, paa ni zima.

Leo nimefanya alivyosema FundiKofia, nimepanda darini kwetu na tochi. Kenchi ni kumi na moja. Saba zimefungwa kwa waya, waya una kutu lakini nimeuvuta haukatiki. Nne zina misumari miwili miwili tu. Zote nne ziko upande wa jikoni, ambalo baba aliliongeza 2003 na fundi mwingine. Yaani pale pale anapoacha mama dirisha wazi. Sijui kama paa limesimama kwa sababu ya zile saba au kwa sababu ya dirisha. Na je, hizo nne zinaweza kufungwa bila kuondoa bati?

#34 FundiKofia, saa 5:10 asubuhi

Zinaweza. Usiguse bati. Toboa ukuta kwa ndani, kozi tatu chini ya ubao, tundu la upana wa kidole litokee nje. Pitisha waya mara mbili, pandisha pande zote mbili, zungusha juu ya kenchi, kaza kwa koleo mpaka waya ulie, kisha ziba tundu kwa simiti. Anza na ile ya mwisho kabisa kwenye kona. Kabla hujakaza, choma mbao kwa bisibisi, ikizama kama kwenye mkate ni mchwa, hiyo inataka kenchi ya pili pembeni. Tafuta mtu wa kukushikia ngazi.

#35 Nyar_Mamboleo, saa 5:18 asubuhi

Mama ndiye ameshika ngazi. Anauliza zikishafungwa zote kumi na moja, jioni hii dirisha la jikoni aliache wazi au afunge?